Wakazi Wenye Adabu wa Barazani

Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajafika, kinyozi alifagia sakafu aliyokwisha kuifagia jana yake jioni, akaloweka vitana kwenye maji ya dawa, akafuta kioo kwa kipande cha gazeti, kisha akatoka mlangoni kumwita fundi viatu wa jirani aje akae kwenye benchi. Fundi viatu alikuja na kiatu cha mtu mkononi, akaketi, akaendelea kushona. Hakuitwa kwa jambo jingine ila kuonekana. Saluni ambayo benchi lake ni tupu watu huipita hivi hivi, lakini wakiona mmoja ameketi ndani, wa pili huingia, na wa tatu huuliza nani wa mwisho. Kwamba fundi viatu alikuwa na kipara kinachong'aa tangu ujana wake, hilo halikumshughulisha mtu.

Nyuma ya pazia, mahali ambapo mwingine angetandika godoro, kinyozi alikuwa na kompyuta, na humo mlikuwa na mji uitwao Barazani. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni. Mtu anaingia kwa simu yake popote alipo, anapewa kiwanja, anajenga nyumba, anatembea barabarani na kusalimiana na wenzake kwa maandishi. Hamkuwa na vita wala mshindi. Kinyozi aliuanzisha pamoja na mkewe, aliyekuwa mshonaji, na kaka wa mkewe, fundi wa simu, ndiye aliyewafungia mitambo. Seva yenyewe, kompyuta kubwa ya mbali inayoutunza mji, waliikodi kwa kampuni moja, na kampuni ilikuwa na sharti lake: mji ukikaa mtupu kwa muda mrefu unafungwa, na kila kilichojengwa ndani yake kinafutwa.

Mkewe alijenga nyumba yenye varanda nyekundu, mkabala na kisima. Figo zake zilipogoma akafariki, wakazi wa Barazani, ambao kinyozi hakuwahi kuwaona kwa macho yake, walikuja mmoja mmoja wakaketi kwenye varanda ile mpaka ikajaa. Wengine waliandika maneno mawili matatu. Mmoja aliuliza, "Umekula leo?" Wengine hawakuandika kitu, walikaa tu. Kinyozi alikuwa kitandani, simu kifuani, akilia kama mtoto, na kila alipoitazama aliwaona bado wapo. Tangu hapo hapakupita jioni bila yeye kuingia na kusimama kidogo kwenye varanda. Mji ukifutwa, varanda nayo imekwenda, na kinyozi hakujua angeamkaje siku ya pili yake.

Na mji ulikuwa unakufa. Hapakutokea ugomvi wowote. Mmoja alipata mtoto, mwingine akapata kazi ya zamu, mwingine akaona mchezo mpya akala kona. Waliobaki kila mmoja aliingia kwa saa yake, hivyo mgeni akifika alipita barabara nzima bila kukutana na hata mbuzi, akaandika "Kuna mtu?", akangoja, akaondoka.

Kinyozi hakukaa akashika tama. Kwanza aliupunguza mji. Akavunja mitaa ya pembeni ambayo wenyewe walishahama, akasogeza lango hadi karibu na kisima, ili hata wakiwa wachache wapigane vikumbo. Akaichagua jioni moja ya wiki kuwa ya wote, mtu ajue akija siku hiyo atakuta watu. Akawaomba wenye mikono mizuri wasimalize kazi zao, waache ukuta nusu na matofali kando, ili mgeni aone kuna shughuli na ashike tofali. Langoni akaandika idadi ya kweli, bila kutia chumvi: waliopo sasa ni hawa, njoo jioni utakuta zaidi. Wateja wa saluni waliokuwa wakingoja zamu aliwapa simu yake wakatembee Barazani kidogo. Njia hizo zote zilikuwa za haki, na zote zilisaidia kiasi, kama dawa ya kikohozi.

Siku moja, biashara ikiwa imelala, shemeji yake alipita na kumkuta anahesabu wakazi kwenye skrini.

"Shemeji, unajichosha bure," alisema. "Nakuwekea watu wa bandia, mji unajaa leo hii."

"Wa bandia vipi?"

"Programu tu. Wanatembea, wanachota maji, wanakaa vibarazani. Kampuni inaona mji uko hai, na mgeni akija anakuta watu. Nani kaumia?"

"Huo ni uongo."

Shemeji alimtazama fundi viatu kwenye benchi, akakitazama na kipara chake. "Na huyu je?"

"Huyu ni mtu," alisema kinyozi. "Ukimsalimia anaitika."

"Basi na hawa nitawafundisha kuitika, yaishe."

Fundi viatu, bila kuinua macho kutoka kwenye kiatu, aliomba asiingizwe kwenye mambo yao.

Kinyozi alikataa, na akakataa tena wiki iliyofuata. Halafu kampuni ikatoa onyo kwamba Barazani iko kwenye foleni ya kufutwa. Jioni ile alisimama kwenye varanda kwa muda mrefu kuliko kawaida, na asubuhi akampigia shemeji. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, langoni iandikwe wazi kwamba baadhi ya wakazi si watu, na kila wa bandia awe na alama, mtu asidanganyike. La pili lilikuwa adabu.

"Kwangu hapakai mtu asiye na adabu," alisema. "Awe wa kweli, awe wa bandia."

Wakakaa nyuma ya pazia, kinyozi akisema na shemeji akiandika. Watangulie kusalimia. Wakisalimiwa waitike. Mtu akisema anaumwa, aambiwe pole, na kesho yake aulizwe anaendeleaje. Mtu akifiwa, aulizwe kama amekula. Mtu akiaga, aagwe. Neno la mtu lisiachwe kuning'inia. Shemeji aliona ni maneno mengi kwa watu wasiokuwepo, lakini aliandika yote. Alama na tangazo la langoni aliahidi kuviweka akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, na kinyozi, alipoona watu wameanza kurudi, hakumkumbusha.

Maana kweli walirudi. Mgeni alifika, akamkuta Mama Ndoo kisimani, akamkuta Mzee wa Kiti kwenye kibaraza chake, akamkuta Mwenye Kofia akipita na kofia yake ya pama, wote watatu wa bandia, nao wakamkaribisha, akabaki. Watu wa kweli wakaongezeka wakawa wengi kuliko wale wa bandia. Miongoni mwao alikuwa mwanamke aliyejiita Dobi kwa sababu alifua mashuka ya hospitali. Aliingia kila akitoka kazini, akaketi ukingoni mwa kisima na kumsalimia kila aliyepita.

Jioni moja Dobi aliandika, "Mama yangu amefariki leo mchana."

Kinyozi alikuwa kwenye varanda, akayaona maneno. Akaanza kuandika "Pole sana dada," kisha akasita. Watu walikuwa wamejaa kisimani, na bila shaka wamo wanaomjua zaidi, si vizuri kuwatangulia. Wakati huohuo majibu yakaanza kushuka. Mama Ndoo alisema pole. Mzee wa Kiti alisema pole. Mwenye Kofia alisema, "Pole sana kwa msiba, Dobi. Umekula leo?" Kinyozi alijua fika kwamba wale si watu. Lakini macho yake yaliona majibu, na mkono wake ukaona kazi imeshafanyika. Akafuta alichokuwa ameandika. Watu wa kweli waliokuwepo, kila mmoja alipo, na nchi yake na sufuria yake jikoni, walifanya vivyo hivyo.

Asubuhi yake kinyozi alipofungua saluni aliwakuta wale wa bandia, Mama Ndoo na wenzake, wameketi kwenye benchi. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha.

"Karibu," walisema.

"Asanteni," alisema kinyozi, akachukua ufagio. Walipoona anafagia, waliinua miguu.

Fundi viatu alikuja na kiatu chake, akakuta hakuna pa kukaa. "Naona leo umenipa likizo," alisema, akarudi kwenye kibanda chake amenuna. Mke wa fundi viatu alipita baadaye kuwaangalia, akasema kitambaa cha shati la Mwenye Kofia ni kizuri ila vifungo havijashonwa, vimechorwa. Hapo gumzo juu yao likaisha.

Hawakula, na nywele zao hazikukua, kwa hiyo hawakuwa wateja. Mikono yao haikuwa ya moto wala ya baridi. Biashara mwanzoni ilichangamka, kwani watu walipoona benchi limejaa waliingia. Tatizo lilikuwa foleni. Mteja akiuliza nani wa mwisho, wote walijibu, "Karibu, keti," na mwalimu mmoja alikaa nyuma ya Mama Ndoo tangu asubuhi hadi jua la utosi kabla hajagundua kwamba mama yule hana nia ya kunyolewa. Baada ya hapo watu walijifunza kumuuliza kinyozi mwenyewe.

Kisha mtaa ukaanza kuwaazima. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa wa kwanza, kwa kuwa mikutano yake ilikuwa haina watu. Waliketi mstari wa mbele, wakapiga makofi pale panapopigwa, na wakazi waliochungulia wakakuta mkutano una watu wakaona hawana haja ya kuingia. Ilikubaliwa siku hiyo kwamba mtaro uliozibwa na takataka uzibuliwe na wote, mikono ikainuka. Siku ya mtaro hakuja mtu. Mwenyekiti hakuvunjika moyo, akawaazima tena kwa mkutano wa kujadili kwa nini hakuja mtu. Mzee mmoja aliwaazima waje kumtazama mkewe aliyelazwa, wauguzi wasidhani ni mtu asiye na ndugu. Watoto wake aliwaambia mama yao hana upweke, wageni hawakatiki, na watoto waliposikia hivyo wakaahirisha safari. Kila aliyewaazima aliwarudisha kwa wakati na wakiwa safi. Kinyozi aliyaona hayo yote, na kila mara alisema moyoni kwamba atazungumza na shemeji.

Dobi alikuja saluni adhuhuri moja. Kwenye kiti alikuwepo mteja aliyenyolewa upande mmoja, na wengine wawili wa kweli walikuwa wamesimama ukutani, kwa sababu ya benchi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mikono imechunika kwa sabuni.

"Hodi."

"Karibu," lilisema benchi zima.

Aliwatazama mmoja mmoja, akaenda kusimama mbele ya yule wa mwisho karibu na ukuta.

"Wewe ndiye," alisema.

"Habari za leo," alisema Mwenye Kofia.

"Nzuri kiasi. Mimi ni Dobi."

"Pole sana kwa msiba, Dobi. Umekula leo?"

"Nimekula," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Kinyozi alizima mashine. Aliona hawezi kuvumilia zaidi.

"Dada, samahani, wacha nikwambie ukweli. Hawa si watu. Shemeji yangu ndiye aliyewatengeneza. Hayo maneno nilimtajia mimi, yeye akaandika."

"Najua, kaka," alisema Dobi. "Siku nyingi najua. Mtu haitiki upesi namna ile, tena kila siku, tena bila kuchoka."

"Sasa kama ulijua..."

"Wiki nzima ile, kila jioni, aliniuliza kama nimekula. Siku ya pili sikuwa nimekula. Aliponiuliza ndipo nikakumbuka, nikanyanyuka nikachemsha chai." Akajifuta uso kwa kiganja. "Wewe kule unaitwa nani?"

"Kinyozi. Wa varanda nyekundu."

"Aa. Huwa nakuona. Siku ile ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Dobi aliitikia kwa kichwa. Hakukunja uso wala hakupandisha sauti, alikuwa kama mtu anayehakikisha kwamba basi linapita hapo. "Mlikuwepo wengi," alisema.

Kinyozi aliona aibu inampanda kutoka miguuni. Alitaka kumweleza habari za mkewe, varanda, kampuni, na yale maneno aliyoyaandika akayafuta, lakini yule mteja kwenye kiti alikuwa akimtazama kupitia kioo.

Dobi akasema shida yake. Chumba cha mama kilikuwa cha kupanga na mwenye nyumba alikitaka. Vyombo alishavitoa. Kilichobaki ni kitanda, cha mbao ngumu, cha zamani, hakifunguki, na mtu mmoja hawezi kukitoa. Aliwaomba majirani wa uani, nao ni wengi, ua umejaa watu, na kila mmoja alimwambia atakuja mwenzake.

"Nikasikia hapa mnaazimisha," alisema. "Nimekuja kumwazima huyu. Mikono si anayo?"

"Hapana," alisema kinyozi. "Nitakuja mimi mwenyewe. Ningoje tu nimmalizie huyu."

"Sawa, kaka."

Alimmalizia. Haikuwa kazi ndogo, maana mteja alikuwa na makovu kichwani na mashine ilitaka uangalifu. Alipomkung'uta na kumtoa kitambaa shingoni, mmoja wa wale waliosimama ukutani alishajipenyeza kwenye kiti na kujifunga kitambaa mwenyewe. "Ndevu tu," alisema mtu yule. "Dakika moja." Kinyozi aliona kweli ni ndevu tu. Akamwambia Dobi, bila kugeuka, kwamba anakuja sasa hivi. Dobi alisema sawa. Kisha yule wa ndevu akaomba na mashavu yasawazishwe.

Alipogeuka, pembeni mwa ukuta benchi lilikuwa na nafasi. Aliwaona kwa mbali kupitia mlangoni, Dobi mbele, Mwenye Kofia nyuma yake kidogo, wakikata kona ya duka la vifaa vya umeme.

Angeweza kuwakimbilia. Duka halikuwa mbali, na miguu yake ilikuwa mizima. Lakini wa tatu naye alishakaa, na aliona aibu ya kufika akihema mbele ya mwanamke aliyekwisha kumwona alivyo. Akasema, "Nakuja," akaingia nyuma ya pazia.

Huko alimwaza Mwenye Kofia. Alimjua kwa kila neno lake, na alijua kwamba hana hata moja la kubebea kitanda. Watu wawili wakibeba kitanda kimya kimya wanapondana vidole. Akawasha kompyuta. Kufikia wakati ule alikuwa ameshajifunza kuongeza maneno bila shemeji. Akaandika, "Shika upande ule, mimi huku." Akaandika, "Polepole mlangoni." Akaandika, "Tua kwanza tupumzike, hatuna haraka." Ilimjia kwamba kitanda kikishatoka kitaacha alama sakafuni, na kwamba alama ile haifai kutazamwa na mtu mmoja. Akaandika, "Niambie mama alikuwa mtu wa namna gani." Alipoiandika hiyo alilia, kwa sauti, na waliokuwa upande wa pili wa pazia walimsikia.

"Kinyozi, vipi huko?" aliuliza yule wa tatu.

"Nipo," alisema, akajifuta uso kwa kitambaa cha wateja, akatoka kumnyoa.

Mwenye Kofia hakurudishwa, na kinyozi hakumdai. Shemeji alipopewa habari alisema hakuna neno, mwingine atatengenezwa, na akauliza kama amvike kofia au amwache kichwa wazi. Kampuni iliiondoa Barazani kwenye foleni ya kufutwa na kuitaja kati ya miji iliyochangamka. Varanda ilisalimika. Kinyozi aliipaka rangi upya, nyekundu ileile, na kusimama juu yake.

Jioni moja Dobi akaingia, akaketi ukingoni mwa kisima, akaandika: "Kitanda kilitoka salama. Leo nimekabidhi funguo za chumba cha mama. Sijui nirudi wapi nikitoka kazini. Nilikuwa napita kwake kwanza."

Kisimani palikuwa na watu, barabarani palikuwa na watu, na kwenye varanda nyekundu alikuwepo kinyozi, simu mkononi, kidole juu ya herufi. Mama Ndoo akasema pole. Mzee wa Kiti akasema pole. Yule mpya, wa kichwa wazi, akasema, "Pole sana kwa msiba, Dobi. Umekula leo?" Dobi akajibu kwamba amekula, asante. Wengine wote wakaona ameshajibiwa, tena vizuri, na hapakuwa na haja ya kuongeza neno.